Kurasa Tulizoruka Tukiosha Karoti

Kwetu Mgeta shamba halijalala, limesimama. Ukitaka kupalilia unaliegemea kama mtu anayesukuma mlango. Kuku wetu akitaga bila kuangalia, yai linaanza safari. Linapita kwa jirani, linapita shuleni, linakata kona zote za barabara, na likifika Mlali ni kifaranga kinamuulizia mama yake. Mimi mwenyewe niliwahi kuponyokwa na kabichi asubuhi, jioni nikapigiwa simu na mtu wa bondeni ananishukuru kwa mboga. Na ukungu ndiyo usiseme. Kuna siku unaanika shati juu ya ukungu, unasahau kulianua, jua likitoka unasikia shati pwaa, limeanguka.

Asiyenijua atasema huyu mzee muongo. Wanaonijua hawasemi, wameshazoea. Shule niliishia darasa la pili, nilipogundua kwamba ubao unausalimia na haukujibu. Kwa hiyo haya nayasema kwa mdomo, na anayeandika ni mwalimu mstaafu, jirani yetu, utamkuta humohumo ndani. Nimemwambia mwalimu, andika ninavyosema, usininyooshee maneno, na usiruke. Kwenye kuruka nina kesi.

Kesi yenyewe ni hii. Mke wangu alitaka kitabu kimoja kisomwe mpaka mwisho, polepole vilevile kilivyokuwa, na mimi nikakichinja katikati.

Ngoja nianze na karoti, maana bila karoti hakuna kitabu. Karoti ukiitoa ardhini imevaa udongo kama mtu aliyevaa koti la mvua, na mnunuzi wa Dar hataki koti, anataka karoti. Basi siku ya lori tunashuka kijitoni alasiri. Pembeni ya maji tumechimba shimo tukalitandika turubai. Tunamwaga karoti humo, tunafungulia maji, tunaingia. Suruali juu, kanga zimekazwa, tunakanyaga. Zinasuguana zenyewe kwa zenyewe chini ya nyayo mpaka zinang'aa. Ukikanyaga kwa pupa zinavunjika, ukikanyaga kwa uvivu udongo unabaki. Miguu inatakiwa iende kama ya mtu anayembembeleza mtoto mgongoni, huku na huku, huku na huku. Maji ni ya baridi kiasi kwamba ukiyaingia wewe, yanayogongana ni meno ya jirani yako.

Shimo letu tulikuwa wanne. Mimi. Mke wangu. Bibi mmoja mlezi wa kina mama kanisani, mtu wa heshima zake, hata mbuzi wake wakipita mbele ya misheni wanainamisha pembe. Na wa nne mpakiaji wa lori, jamaa mzima mwenye ndevu, amekulia Mwembesongo kule mjini, ananyanyua gunia la lumbesa, lile lililojazwa mpaka likaota nundu, kama wewe unavyonyanyua kikombe. Yeye kazi yake ni kupakia tu, lakini akifika mapema anavua viatu na kuingia shimoni, anasema baridi inamkumbusha kwamba yuko hai.

Zamani humo shimoni redio nilikuwa mimi. Nilikuwa nawasimulia chatu niliyemfunga tai, fisi aliyekuja kuungama, mambo kama hayo. Lori linapiga honi watu hawajui saa zimekwenda wapi. Halafu mwalimu akastaafu. Magoti yake hayataki maji baridi, basi akawa anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mwavuli umefungwa kwenye mti wa parachichi, anatusomea vitabu. Tunampa karoti za supu. Nikafukuzwa kazi hivihivi, bila barua.

Na tuna sheria. Kitabu kikifika mahali watu wamegawanyika, inapigwa kura ya karoti. Karoti iliyonyooka maana yake tuendelee. Karoti ya matege, ile yenye miguu miwili ambayo dalali anaikataa, maana yake hapana. Unaificha ndani ya mkono wa sweta, unaitumbukiza kwenye ndoo iliyofunikwa kanga, hakuna anayekuona. Kwa matege tulishamstaafisha mpelelezi mmoja aliyekuwa anakohoa kila ukurasa, tukaona huyu atatuambukiza.

Sasa kile kitabu. Mwalimu alikitoa Mwembesongo alipokwenda kumtembelea mdogo wake, kwenye meza ya mtu anayeuza vitabu vilivyotumika pamoja na chaja za simu. Jalada halikuwepo. Jina la kitabu lilikuwa limeondoka na jalada, la mwandishi nalo lilikuwa limeondoka, yaani kilikuwa kitabu yatima. Kinaanza na mama mmoja anashuka kwenye basi, anaingia nyumbani kwake, mkononi hana kitu isipokuwa kanga mpya iliyokunjwa. Anaiweka kitandani. Anachemsha chai. Anaitazama kanga. Anaikunjua. Anaikunja.

Siku ya kwanza tukaosha viroba vingapi sijui, yule mama bado anakunja kanga.

Siku ya pili akafagia uani. Ufagio ule, mwalimu alivyousoma, ulifagia mchanga punje kwa punje. Akarudi ndani. Akaikunjua kanga.

"Ticha," mpakiaji akasema, "samahani. Steringi yuko wapi?"

"Ndiye huyu mama."

"Huyu? Huyu si anafua tu! Hamna hata ngumi moja?"

"Subiri."

"Nasubiri, ticha, lakini ujue lori lina zamu."

Mimi nikadakia, "Mwacheni mama wa watu akunje. Mwezi wa sita ataanza kupiga pasi."

Tukacheka. Mke wangu hakucheka. Lakini hilo sikulitilia maanani, maana mke wangu nimemchekesha miaka yote, akipumzika siku moja nadhani mashine inapoa.

Nikuambie ukweli ambao sikumwambia mtu siku ile. Kile kitabu kilikuwa na dawa yake. Ukungu unashuka mpaka maparachichi yanabaki vivuli, kijito kinasikika lakini hakionekani, sauti ya mwalimu inatoka ndani ya weupe kama inatoka ndani ya mto wa kulalia, na miguu inaenda huku na huku. Kuna wakati nilijikuta simo shimoni tena. Nimo kwenye chumba cha yule mama, nimekaa kwenye kiti chake cha kamba, naona vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirisha. Chai yake naisikia harufu. Nikitazama chini, karoti zinang'aa chini ya maji kama jua limeanguka na kuvunjika vipande. Nilikuwa nashtuka nakuta nimekanyaga nusu saa bila kusema neno. Mimi! Nusu saa! Nikaona hiki kitabu ni hatari, kitanimaliza.

Na mke wangu ndiyo kabisa. Yeye kawaida huwa anasikiliza kwa sikio moja, la pili liko kwenye bei ya njegere. Safari hii miguu yake ilikuwa inaenda polepole kama kitabu. Mara anasema, "Mwalimu, soma tena hapo." Mwalimu anarudia. "Tena." Anarudia. Na hapo penyewe hapana kitu, ni kanga tu inakunjwa pembe kwa pembe.

Siku ya nne ndipo kitabu kikatoboa. Mwalimu akafika mahali sauti ikashuka, tukasogea. Kumbe ile kanga ilinunuliwa ya kumpokelea mtoto. Yule mama alikuwa ametoka hospitali kujifungua, na mtoto alifika bila kulia.

Kijito kikaendelea na kazi yake. Sisi tukasimama.

Bibi wa kanisani akawa wa kwanza. "Mwalimu, funga hicho kitabu."

"Bibi, ndiyo kwanza tumefika."

"Tumefika pabaya. Mambo ya uzazi ni ya ndani, ya wanawake, hayasomwi mtoni mbele ya wanaume na mijisuruali yao imepandishwa. Na mtoto mwenyewe hajabatizwa. Hayo yanafunikwa."

"Mi hata sina shida na uzazi, bibi," mpakiaji akasema. "Shida yangu ni spidi. Siku nne kanga moja! Na sasa imegeuka msiba. Mtu nimetoka Moro alfajiri na lori bovu, natafuta kuchangamka."

"Mwandishi ana maana yake," mwalimu akasema. "Huzuni haina haraka. Ukimkimbiza huyu mama hutamwelewa."

"Asieleweke!" bibi akasema. "Kuna vitu havihitaji kueleweka."

Sasa wote wakanigeukia mimi. Inabidi ujue kwa nini. Ukoo wangu ni watani wa ukoo wa mke wangu. Kukiwa na msiba kwao, sisi watani ndio wenye uwanja. Nimeshavaa koti la marehemu nikatembea kama yeye, nikakohoa kama yeye, nikadai chai kwa sauti yake mpaka wajane wakacheka mbavu ziume, na wakishacheka koo linafunguka, wanalia sawasawa. Niliwahi kushuka kaburini nikasema sitoki mpaka niletewe kuku. Sifa zangu zimefika mpaka Mlali, zenyewe, kwa kubiringika. Kwa hiyo neno likikwama, watu wanamtazama mtani.

Na mimi, kitabu kile kilikuwa kimenigusa mahali nisipopataka. Basi nikafanya ninachokijua.

"Mwalimu," nikasema, "hebu chungulia mbele huko. Kuna nini?"

Akafunua. "Mbele mdogo wake anaolewa."

"Si hiyo hapo! Pilau! Jamani, kwa nini tuue kitabu kizima? Turuke tu. Tumwache mama na kanga yake apumzike, sisi twende harusini, tukirudi tutamletea mnofu."

Mpakiaji alicheka mpaka akavunja karoti tatu. Hata bibi mdomo ulimcheza. Mke wangu akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nataka twende hivihivi."

"Kura basi," nikasema. "Iliyonyooka, tunasoma kila kitu. Matege, tunaruka."

Tukapiga. Mwalimu, ambaye kama msomaji hapigi, akaondoa kanga kwenye ndoo. Matege matatu, na karoti moja iliyonyooka kuliko karoti yoyote niliyowahi kuiona, ungeweza kupigia mstari. Nilijua ni ya nani. Na mkono wangu wa sweta ulikuwa bado una udongo wa tege langu.

Mwalimu akalowesha kidole, akashika kurasa kwa fungu, akazigeuza zote kwa mpigo. Zililia kama kuku aliyeshikwa mabawa. Akaanza kusoma harusi. Ngoma, mabibi wanabishana juu ya mchele, bwana harusi viatu vinambana. Mpakiaji anapiga makofi. Mimi naitikia vigelegele. Mke wangu akasimama. Akatoka shimoni. Akajifuta mguu mmoja, akajifuta wa pili, taratibu, akavaa kandambili.

"Kanga kaiweka wapi?" akauliza.

Mwalimu akalitazama lile fungu la kurasa alilogeuza.

"Mmemwacha mtu amesimama na kanga mkononi, nyie mkaenda harusini."

Akaondoka. Karoti zimeachwa na udongo wake. Miaka yote ya ndoa yetu mke wangu hajawahi kuacha karoti na udongo. Mvua ya mawe haikumtoa, siafu hawakumtoa.

Nikamfuata. Ile njia ya kupanda kwetu, mgeni anaipanda kwa magoti na sala. Ukungu ulikuwa mzito, nikawa naona kisigino chake tu, kisigino kimoja kinapanda mbele yangu, kinapotea, kinatokea. Nilimwita, ukungu ukalimeza jina. Nyumbani nikamkuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba ile ya kona ambayo hatuikati. Amekaa juu ya jiwe. Majani yanadondosha maji, tone, tone, kama na yenyewe yanasoma kile kitabu.

"Mtani," nikasema, "karoti zinakulilia."

"Zioshwe na wale wa harusini."

Nikakaa. Nikatafuta utani mwingine. Nikajipekua mifuko yote, mpaka kwenye mikunjo ya suruali, nikakosa.

"Unakumbuka," akasema, "siku uliyorudi kutoka Mlali uliniambia nini?"

Nilikumbuka. Ni zaidi ya miaka thelathini, watoto wetu wanne wote walikuwa hawajazaliwa. Tumbo la kwanza. Mimi nilikuwa nimeteremka na mzigo wa kabichi, mvua ikanyesha, lori likazama kwenye tope, tukalichimbua siku mbili. Wakati wa kurudi nikakutana na kina mama njiani, wakaniambia yamekwisha, tumeshamaliza kila kitu. Maana kwetu mtoto aliyekuja bila kulia hatangaziwi. Hakuna turubai, hakuna chai ya msiba, hakuna watani. Wanawake wanamhifadhi wenyewe kimya, kwenye migomba, na mama anaambiwa amka, utapata mwingine. Mimi sikumwona. Niliingia ndani nikamkuta mke wangu ameelekea ukutani. Nilikuwa kijana, mtani hodari, sijui kukaa kimya. Nikasema neno.

"Nilisema alichungulia," nikamjibu.

"Malizia."

"Nilisema alichungulia, akauona mlima ulivyo mkali, akarudi zake."

"Nilicheka?"

"Hukucheka."

"Na hujawahi kuniuliza alikuwaje." Akang'oa unyasi mmoja, akauzungusha kidoleni. "Nikaamka kama walivyosema. Nikapata hao wanne, nawashukuru. Lakini yule wa kwanza hatukuagana. Wote mlikuwa na haraka. Mama zangu walikuwa na haraka, padri alikuwa na haraka, wewe ndiyo usiseme. Huyu mama wa kitabuni ndiye mtu wa kwanza kukaa na mimi pale bila kunivuta mkono. Nilitaka nione yeye anaagana naye vipi. Nyie mkaona anachelewesha lori."

Mimi nikaanza kubandua tope kwenye suruali.

"Na wewe ni mtani wangu," akasema. "Msiba wa mjomba wangu ulifanya kazi, wa bibi ulifanya kazi, hata wa yule aliyekuwa anatuibia maji ulifanya kazi. Wa kwangu kazi yako iko wapi?"

"Alikuwaje?" nikamuuliza. Sauti ilitoka ndogo, nikadhani ni ya mtu mwingine.

Akautupa ule unyasi. Nikadhani atasema.

"Siyo hivi," akasema. "Kwanza mrudishieni yule mama kurasa zake."

Jioni ileile, jua halijazama, nikateremka kwa mwalimu. Nikamkuta barazani anachambua mchicha.

"Nilijua utakuja," akasema. "Nimeweka alama."

Akanionyesha. Kwenye ukurasa tulioukimbia alikuwa amelaza jani la karoti.

"Miaka yote nimefundisha," akasema, "nikimkuta mtoto karuka ukurasa namsimamisha. Leo nimeruka mwenyewe, mtu mzima, kwa ajili ya pilau."

"Mimi ndiye niliyekurusha."

"Ndiyo. Lakini kidole kilikuwa changu."

Siku ya lori iliyofuata mke wangu hakushuka nami. Alisema ana kazi za ndani, na alikuwa hana. Nikafika shimoni, karoti zimeshamwagwa, bibi na mpakiaji wamo, mwalimu yuko juu ya ndoo yake. Nikawaambia nataka kura irudiwe.

"Mzee, si wewe uliyetupeleka harusini?" mpakiaji akasema. "Hata bwana harusi hajala!"

"Harusi itangoja. Nilitia tege, nalitoa."

"Karoti ikishaingia ndooni haitoki, sheria yako mwenyewe hiyo!"

"Basi nitaila ndoo."

Bibi alikuwa anatupa majani ya karoti nje ya shimo. Nikamgeukia. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Si umeshanisalimia?"

"Nakuongezea. Bibi, mke wangu amebaki nyumbani kwa sababu ya kile kitabu. Kina kitu chake mle. Cha kwetu. Unajua kitu gani, ulikuwepo."

Maana alikuwepo. Alikuwa mmoja wa wale kina mama niliokutana nao njiani. Bibi akakanyaga huku, akakanyaga huku. Halafu akamuuliza mwalimu, bila kumtazama, "Huyo wa kitabuni, mtoto wake walimlaza wapi?"

"Jibu limo kwenye kurasa tulizoruka, bibi."

Bibi akainama. Akapapasa majini muda mrefu, akatoa karoti moja iliyonyooka, akaitia ndooni waziwazi, kila mtu akiona, bila sweta wala nini.

"Usome kwa sauti," akasema. "Masikio yangu siku hizi mazito."

Masikio yale, ukinong'ona parokiani yeye anasikia akiwa shambani. Hakuna aliyebisha.

"Poa," mpakiaji akasema. "Ila steringi asife."

"Steringi ni kanga," nikamwambia, "haifi, inachuja tu."

Nikarudi mlimani kumwita mke wangu. Nilipanda mbio, nafikiri miguu iligusa chini mara nne. Akaja. Akakaza kanga yake, akaingia shimoni mahali pake. Mwalimu akaliondoa jani la karoti, akasoma.

Ukungu ukashuka mpaka tukabaki sisi tu duniani, watu watano na mwavuli mmoja. Mtoto wa kitabuni, bibi yake ndiye aliyemlaza chini ya mlimao, asubuhi, kabla majirani hawajaamka. Bibi wa kanisani akasema, "Rudia hapo, sikusikia." Mwalimu akarudia. "Rudia." Akarudia. Mara tatu aliomba. Mara ya tatu nilimwona anasogeza midomo pamoja na mwalimu, na uso ameugeuzia kwenye maji. Sikumuuliza, na mpaka leo sijamuuliza.

Kisha tukafika kwenye kanga. Yule mama akaitoa asubuhi moja. Akaikunjua. Akaitazama maua yake. Halafu badala ya kuikunja, akajifunga kiunoni, akachukua kikapu, akaenda sokoni kununua nyanya. Alipoulizwa kanga nzuri hiyo ya nani, akasema, "Ya mwanangu."

Mwalimu akalaza kidole kwenye mstari.

"Ndo hivyo tu?" mpakiaji akauliza, lakini polepole.

"Ndo hivyo tu."

Tukaendelea kukanyaga. Huku na huku. Maji yalikuwa yameshakuwa safi kabisa, karoti zimeshatakata, zilikuwa hazihitaji miguu tena, lakini hakuna aliyetaka kutoka.

"Wa kwangu," mke wangu akasema, "alikuwa amekunja uso."

Bibi akaitikia kwa pumzi, "Ee."

"Nyusi zimekutana hapa. Mdomo kaubetua. Kama baba yake akipewa chai haina sukari." Halafu akaongeza, "Na vidole virefu. Vilikuwa virefu sana kwa mtu mdogo vile."

"Ni kweli," bibi akasema. "Vidole virefu. Nilivikunja mimi."

Mke wangu akanigeukia. Macho yamejaa, lakini kidevu kiko juu, kama anavyomkabili dalali.

"Haya, mtani," akasema. "Fanya kazi yako."

Watu wazima nimeiga wengi. Wenye kukohoa, wenye kuchechemea, mwenyekiti wa kitongoji na tumbo lake. Mtu asiyewahi kutembea, asiyewahi kusema, sijawahi kuigiza. Nikasimama katikati ya shimo, maji magotini. Nikakutanisha nyusi. Nikabetua mdomo. Nikakunja uso kama mtu ambaye ameletwa hapa bila kuulizwa, na chai haina sukari. Nikanyoosha vidole mbele, virefu nilivyoweza, nikavikunja kimoja kimoja.

Mpakiaji ndiye aliyeanza kucheka, akashtuka, akajiziba mdomo na mkono wenye tope. Lakini mke wangu alikuwa ameshaanza. Alicheka kuanzia chini kabisa, akainama akashika magoti, akasema, "Ndiye! Jamani ndiye huyo!" na katikati ya kucheka kikatoka kilio, kile kikubwa, chenye sauti, kile ambacho mwaka ule kilikatazwa. Bibi akamshika. Akalia naye. Mwalimu akalia juu ya ndoo yake, kitabu amekikumbatia kisilowe. Mimi nilibaki nimekunja uso hivyohivyo, maana nilijua nikiukunjua tu utanishinda, na ulinishinda. Mpakiaji alilia pia, baadaye akasema ni baridi.

Lori likapiga honi kule juu. Likapiga tena. Hakuna aliyepanda.

Karoti za siku ile dalali alizishika akazigeuzageuza, akasema hajaona karoti zilizooshwa namna hii. Mimi nikamwambia ukiishika moja kuelekea juani unaona mpaka Dar. Alichukua hata za matege.

Kitabu tulikimaliza taratibu, hatukuruka hata nukta. Kilitufikisha msimu wa njegere. Harusini tulikwenda pia, kwa zamu yake, na pilau lilikuwa zuri, na yule mama alikuja amejifunga kanga yake, mpakiaji akashangilia kama ameona timu yake imefunga. Siku hizi yeye ndiye anayesema, "Ticha, usikimbize, rudia hapo pa chai."

Na mke wangu, siku nyingine tunapalilia, yeye tuta la juu mimi la chini, tumeegemea shamba letu lililosimama, ukungu unapita katikati yetu, ananiita.

"Mtani, hebu."

Hasemi hebu nini. Naweka jembe chini lisibiringike, nageuka, nakunja uso. Anautazama mpaka ashibe. Halafu anaendelea na palizi yake.